Ua la bromelia yangu limekuwa kahawia, je, inakufa?

Mama Nasra, Tabata
Habari za humu ndugu zangu. Mwezi wa pili nilinunua guzmania kwa wauza miche wa barabarani, ile bromelia yenye ua jekundu lililosimama katikati. Iko sebuleni, dirisha la mashariki. Sasa ua limekuwa kahawia, majani ya chini yanalegea, ncha zimekauka kama zimepitiwa na pasi. Namwagilia maji ya kisima cha hapa nyumbani. Niliinunua siku niliyotoka hospitali, nimeizoea mno. Nimekosea wapi?

Babu Miche, Muheza
Pole mwanangu. Kwa ua hujakosea. Bromelia ni ndugu wa nanasi: shina likishazaa halizai tena, linatoa machipukizi pembeni kisha linakwisha taratibu, pengine mwaka mzima au zaidi. Kata bua la ua kwa kisu kikali, majani yaache yalee watoto. Chungulia shinani. Ukiwaona usiwaguse mpaka wafike angalau theluthi ya kimo cha mama. Mimi husubiri nusu. Wangu wa kwanza niliwatenga wakiwa urefu wa kidole, wakaoza wote watatu. Iliniuma sana.

Hizo ncha nashuku ni chumvi ya kisima. Tumia maji ya mvua, uyamimine kwenye kile kikombe cha majani katikati. Udongo uwe na unyevu tu. Kwao, misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, guzmania nyingi huota juu ya miti, mizizi kazi yake kubwa ni kushikilia gome. Udongo mzito unaiozesha. Mimi nachanganya makumbi ya nazi, vipande vya mkaa na mchanga wa chenga. Makumbi nayaloweka siku mbili nikibadilisha maji, maana nayo yana chumvi.

Shemeji wa Kigamboni
Naongeza la mbu. Mwaka 2019, dengue ilipotuandama Dar, nilikuta viluwiluwi wanacheza ndani ya kikombe cha bromelia ya mke wangu, hatua tatu kutoka kitanda cha mtoto. Tangu hapo kila Jumamosi nainamisha chungu, namwaga yote, najaza upya. Usiruke wiki.

Mama Nasra, Tabata
Shikamoo babu. Nimepanua majani kwa vidole, vipo viwili! Kimoja kama ncha ya kalamu. Ndoo nimeshaitega chini ya bati. Vitachanua lini?

Babu Miche, Muheza
Marahaba mwanangu, nimefurahi kweli. Hesabu miaka miwili, mitatu. Vikikomaa vikagoma, mwaga maji ya kikombe, funika mmea na chungu chake kwa nailoni pamoja na tufaa lililoiva, funga siku 7 hadi 10 kivulini. Tunda linaloiva hutoa gesi ya etilini, ndiyo inayouamsha mmea. Hata mananasi huchanua kwa gesi hiyohiyo. Ua huanza kuchungulia baada ya wiki 6 hadi 14. Ila kichanga usikifanyie hivyo, kitachanua kingali kidogo na ua litakuwa dhaifu.