Nimelelewa shambani Hombolo, naolewa na mwanajeshi: shamba langu nilifanyeje?

Binti wa Mizabibu

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za leo. Mimi ni mzaliwa wa Hombolo, hapa Dodoma, na tangu nilipoweza kushika jembe nimelima uwele na mtama pamoja na wazazi, kisha nikajifunza kupogoa mizabibu, ambayo huku kwetu huzaa mara mbili kwa mwaka ikitunzwa vizuri. Baba amenigawia ekari mbili, moja ikiwa na mizabibu inayozaa. Karibuni nitafunga ndoa na askari wa JWTZ ambaye kikosi chake kiko mbali na mkoa huu, nami nitahamia naye kota, yaani nyumba za askari kambini. Baba zangu wadogo wanasema mke wa askari hahitaji shamba, kwa kuwa mshahara wa mumewe hausubiri mvua, na wanataka eneo hilo apewe kaka yangu. Sipendi kuondoka nyumbani kwa ugomvi, lakini shamba hilo ndilo kazi ninayoijua. Waliopita njia hii wanishauri.

Bibi wa Mpwapwa

Marahaba, mwanangu. Mume wangu alikwenda vita ya Kagera akaniacha kijijini na watoto wadogo. Nyerere alitangaza vita mwanzoni mwa Novemba 1978, wakati ambao sisi tunasafisha mashamba kungojea mvua za Desemba, na Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979 uwele ulikuwa unakaribia kuvunwa. Kwa hiyo msimu mzima, kuanzia kupanda, palizi hadi kuwinga ndege, niliufanya bila yeye, nikisikiliza redio ya jirani jioni. Alirudi salama, namshukuru Mungu. Hao baba zako wadogo wanaosifu mshahara wakumbushe miaka iliyofuata vita, ambapo askari alipokea fedha yake na dukani hapakuwa na sukari, sabuni wala unga. Sisi tulikula uwele wetu na mlenda tuliokausha wenyewe, na jamaa waliokuwa wakiishi kambini walikuja kwetu kuomba debe la nafaka. Usilitoe shamba, mwanangu, hata wakikununia.

Mama Kota

Dada yangu, mimi ni binti wa Kongwa na nimeishi kota za mikoa kadhaa. Maisha yale yana wema wake: jirani akisikia mtoto wako anaumwa usiku anakuja bila kuitwa, kwa sababu mume wake naye hayupo. Utalima, lakini utalima bustani, yaani mchicha, matembele na bamia nyuma ya nyumba, vitu vinavyoliwa kabla barua ya uhamisho haijafika. Mzabibu hauwezi kuupanda pale, maana unahitaji miaka, na ardhi ya kambi si yako.

Jambo ambalo watu hawapendi kulisema mbele ya bibi harusi ni hili. Mumeo anaweza kupelekwa misheni ya kulinda amani nje ya nchi. Desemba 2017, wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio la Semuliki, mashariki mwa Kongo, na wiki ile katika kota tulizokuwa tukiishi kila mwanamke alikaa karibu na simu yake. Kota ni makazi ya askari aliye kazini. Akifariki au akistaafu, familia hufungasha, na nimemsindikiza mjane ambaye hakuwa na kiwanja wala shamba popote, akarudi kwa wakwe ambao hawakumtaka. Nakuombea usiyaone hayo, lakini mwanamke anayeishi nyumba ya serikali anapaswa kuwa na ardhi yake mwenyewe.

Karani Mstaafu

Niliwahi kuwa mtendaji wa kijiji wilayani Chamwino, hivyo nitajibu upande wa sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mke kuwa na mali yake binafsi, na kuolewa hakuhamishi umiliki wake. Kwa hiyo, kabla ya harusi, mwombe baba yako mwende pamoja kwa halmashauri ya kijiji mkaombe hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako, majirani wa mipakani wakiwepo. Zingatia pia kwamba sheria hiyohiyo inahesabu ardhi iliyokaa bila kutumiwa kwa muda usiopungua miaka mitano kuwa imetelekezwa, kwa hiyo shamba lisigeuke pori kwa sababu mwenyewe uko mbali.

Binti wa Mizabibu

Nawashukuru sana. Je, nikimwachia kaka alilime, haitakuwa sawa na kumpa?

Karani Mstaafu

Haitakuwa, ikiwa mtaandikiana. Mwache alime ekari ya nafaka na mazao yawe yake, maana ana familia, na hilo litapoza maneno ya wazee. Kwenye mizabibu mkubaliane mgawanyo wa mauzo, yeye apogoe na kupiga dawa, wewe utume fedha ya dawa na uje wakati wa mavuno kila unapopata nafasi. Mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie, na nakala ya maandishi hayo ubaki nayo wewe.

Mama Kota

Na mchumba wako ayajue yote haya sasa, kabla ya ndoa. Askari aliyelelewa vizuri atafurahi.