Tupeane uzoefu: bobini za gari ulizibadilisha lini, na ulijuaje kwamba ndizo?

Mwana Kadutu (Bukavu)
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Aliyewahi kusumbuliwa na bobini, ile inayopeleka moto wa umeme kwenye buji ili esansi iwake, atueleze yake. Naanza mimi.

Nina RAV4 ya esansi, silinda 4, kila buji na bobini yake juu. Kwenye tambarare inakwenda bila neno. Nikianza kupanda kwetu Kadutu na watu wanne ndani, inashtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Huku kwetu ni milima tu, ugonjwa haufichiki. Fundi wa kwanza akasema pampu ya esansi. Nikalipa, pampu ikabadilishwa, kwikwi ikabaki.

Wa pili alikuja na skaneri, ikasoma P0303. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda: ya 3 haichomi. Hakunituma dukani. Alihamisha bobini ya 3 akaiweka ya 1, ya 1 akaiweka ya 3, akafuta ile kodi ya skaneri, akasema, "Papa, tupande tena." Kabla hatujafika juu taa ya moteri ikawaka: P0301. Ugonjwa umehama na bobini! Nikanunua moja tu, kwikwi ikaisha. Kinachoniuma mpaka leo ni hela ya pampu.

Mama Vitz (Goma)
Pole sana ndugu. Mimi niliosha moteri kwa maji ya presha, vumbi la huku Goma lilikuwa limenichosha. Kesho yake asubuhi gari inatetemeka mpaka usukani. Maji yalikuwa yametuama kwenye shimo la buji. Bobini ilipotolewa, kwenye mpira wake kulikuwa na mstari mweupe mwembamba kama unywele: ndipo moto ulipokuwa unatorokea pembeni badala ya kushuka kwenye buji. Nikanunua nne za bei rahisi kwa pamoja. Mbili zilikufa kabla mwezi haujaisha. Sasa afadhali ya okazyoni iliyotoka kwenye gari ya aina ileile.

Kasumbalesa Kila Wiki (Lubumbashi)
Taa ikiwaka tu bila kupepesa, unaweza kufika garaji polepole. Ikianza kupepesa, simama, nawasihi. Mimi niliendelea nayo barabara ya Kasumbalesa kwa sababu nilikuwa na mzigo wa watu. Esansi isiyochomwa inakwenda kuwakia ndani ya katalizeri, kwenye bomba la moshi. Yangu iliyeyuka, ikaziba, gari ikakosa nguvu kabisa. Bei yake na bei ya bobini moja havilingani hata kidogo.

Fundi wa Essence (Bukavu)
Watu wananiuliza bobini hubadilishwa baada ya kilomita ngapi. Hazina kilomita zake, huachwa mpaka zife. Wenye kilomita ni buji: za kawaida kama 30,000 hadi 40,000, za iridiamu karibu 100,000. Buji ikichakaa, ile nafasi ya kwenye ncha yake ambapo moto unaruka inapanuka, bobini inalazimika kusukuma volti nyingi zaidi kila mara, inachoka. Ukiweka bobini mpya juu ya buji iliyokufa, tutaonana tena.

Kazi yenyewe siyo ngumu. Moteri ipoe. Toa waya wa hasi wa batri. Kwenye soketi bonyeza kile kijino chake, usivute nyaya, plastiki imekaushwa na joto na inakatika kama biskuti. Bolti mara nyingi ni kle ya 10. Zungusha bobini kidogo kushoto na kulia kwanza, mpira huwa umegandia. Ukivuta kwa nguvu unakatika na kubaki shimoni. Puliza vumbi kabla ya kufungua buji, na buji mpya ianze kwa mkono, siyo kwa kle.

Mwana Kadutu, nina swali: shimo la silinda ya 3 lilikuwa kavu?

Mama Vitz (Goma)
Swali zuri, aksanti fundi.

Mwana Kadutu (Bukavu)
Fundi, nimetoka kufungua kapo sasa hivi. Nimeitoa ile bobini mpya, mpira wake umelowa oili mpaka katikati, na haijamaliza hata wiki tatu. Nimetumbukiza kitambaa kwenye fimbo ndani ya shimo, kimetoka cheusi. Yale mengine matatu ni makavu.

Fundi wa Essence (Bukavu)
Basi ni joenti ya kifuniko cha juu ya moteri, ile inayozuia oili isivuje, pamoja na zile pete za mpira zinazozunguka mashimo ya buji. Oili inaulainisha mpira wa bobini mpaka unapasuka. Ulizia seti nzima, na usiendeshe sana kabla ya hapo.

Mwana Kadutu (Bukavu)
Jumamosi asubuhi niko kwako.