Chombo kisicho na injini: walijuaje kitatua?

Mwalimu wa Mikindani:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nafundisha fizikia sekondari. Vijana wangu wa kidato cha tatu wameunda kiglaida, yaani kindege kisicho na injini, cha boksi la biskuti. Maji yakitoka tunashuka ufukweni, tunakining'iniza kwenye tiara, kusi ikishaipandisha tunavuta mshipi, kinaachia. Jumamosi tulikiangusha mara sita. Mara zote kiliinua pua, kikasimama hewani, kikaja chini kwa mkia. Binti mmoja akaniuliza: vile vyombo vinavyokwenda anga za juu na kurudi kutua kama ndege, watu walijuaje vitatua kabla ya kuvirusha huko? Swali limenikaa kichwani tangu siku ile.

Fundi wa Lindi:
Mwalimu, mwambie binti walifanya kama nyinyi, ila tiara yao ilikuwa Boeing 747. Mwaka 1977, kambi ya Edwards, California, Wamarekani walikibeba Enterprise, chombo chao cha majaribio, mgongoni mwa ndege hiyo. Hawakukiachia papo hapo. Kwanza kilipaa kimefungwa, hakina mtu. Halafu marubani wakaingia, bado kimefungwa. Tarehe 12 Agosti ndipo Haise na Fullerton walipokitenganisha, wakashuka bila injini kwa dakika 5 na sekunde 21.

Ninachokipenda zaidi ni habari ya mkia. Katika safari tano za kuachiwa, tatu za kwanza ulivikwa koni ili upepo upite laini. Mbili za mwisho koni ikavuliwa, chombo kikawa vile kitakavyokuwa kikirudi kweli, na safari ya tano ilidumu kama dakika 2 tu. Siku hiyo, kikitua kwenye zege, kiliyumba na kudunda: mitambo ilichelewa kuitikia mkono wa rubani. Hilo ndilo walilolifuata. Chombo kisicho na injini hakizunguki kujaribu tena.

Mkulima wa Masasi:
Wahindi nao, 2 Aprili 2023, waliachia chao kutoka kwenye helikopta, kilomita 4.5 juu, kikajiongoza chenyewe hadi uwanjani. Mwaka 2024 wakakiachia makusudi pembeni ya mstari wa uwanja, waone kama kitajirekebisha. Kikajirekebisha. Chenu, mwalimu, uzito umekaa nyuma mno. Tieni chubwi puani, kidogo kidogo.

Mwalimu wa Mikindani:
Asanteni sana. Leo tumefunga chubwi moja ndogo kwa utepe. Mara ya pili kimepita juu ya mitumbwi miwili iliyolala mchangani, kikatua kwa tumbo. Binti kapima kwa miguu: hatua 31. Kesho anataka tukiachie kikiwa kimeelekea pembeni.