Mliowahi kwenda Ulaya kwa ziara ya muziki wa klasiki mkiwa wanafunzi: ni mambo gani yaliwachekesha?

SautiYaPili_Isevya (Tabora)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni mwanafunzi hapa Tabora mjini na huimba sauti ya pili katika kwaya ya vijana ya Moravian. Mwakani, Mungu akipenda, baadhi yetu tutaungana na vijana wa Ujerumani katika ziara ya muziki wa klasiki itakayoanzia Herrnhut, kule walikotoka wamisionari wa Moravian waliokuja Unyamwezi, kisha ipite Leipzig na Salzburg na kuishia Vienna. Barua ya mwaliko imeeleza vizuri habari za viza, nguo za baridi na ratiba ya mazoezi, lakini haisemi lolote kuhusu yale ambayo mtu huyajua baada ya kukutana nayo. Dada mmoja aliyetutangulia alianza kutusimulia kisa cha chakula cha jioni, akashindwa kukimaliza kwa kicheko, nasi tukabaki tunacheka bila kujua tunacheka nini.

Ninaomba waliokwenda watusimulie visa kama hivyo, na sababu yangu si burudani peke yake. Hapa kwetu wimbo ukikolea watu hupiga vigelegele na makofi papo hapo, na mwimbaji huongezewa nguvu. Nasikia kule watu husikiliza kimya kabisa. Ningependa kujua kimya hicho kikoje, na hutokea nini mtu akijisahau.

Besi_wa_Ujiji (Kigoma)

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa safari. Nilikwenda nikiwa mwanafunzi, pamoja na wenzangu wa Kigoma, Kasulu na Tabora, na hadi leo tukikutana haipiti muda kabla mmoja wetu hajakumbusha jambo la kule.

Kisa cha chakula nadhani ninakijua. Katika nyumba nyingi za Wajerumani chakula cha moto huliwa mchana, na jioni mezani huwekwa mkate mweusi, jibini, nyama baridi na matango ya siki. Mwenzetu wa Kasulu alichukua kipande kimoja kwa adabu, akanywa chai, akaacha nafasi tumboni akingoja chakula chenyewe kiletwe. Mama mwenye nyumba alipoanza kukusanya sahani, yule ndugu aliniuliza kwa Kiha, kwa sauti ya chini na uso wenye wasiwasi, kama kuna mgeni mwingine anayesubiriwa. Kesho yake alikula mkate kwa bidii hata mama wa watu akafurahi sana.

Lakini yaliyotuchekesha zaidi yalitokea ukumbini. Mjini Vienna tulipelekwa kusikiliza Simfoni ya 7 ya Beethoven. Simfoni hiyo ina sehemu nne, na kati ya sehemu moja na nyingine okestra hunyamaza kidogo, watu wakakohoa na kujiweka sawa vitini, bila mtu kupiga makofi hadi sehemu ya nne imalizike. Hayo tulikuwa tumeelezwa mapema. Sasa, sehemu ya kwanza humalizika kwa kishindo, horni zikilia kwa nguvu zote, na dada yetu mmoja wa sauti ya kwanza, ambaye kwao harusi haiendi bila yeye, akatoa kigelegele kimoja kirefu na safi kilichopanda hadi darini. Ukumbi mzima ukageuka. Mpiga timpani, ambaye nilikuwa ninamwona vizuri, aliinamisha kichwa juu ya ngoma zake huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mwongozaji aligeuka taratibu, akaweka mkono kifuani, akamwinamia dada yetu, ndipo akaendelea na sehemu ya pili. Wakati wa mapumziko kina mama wa Vienna walimzunguka wakimwomba awafundishe, na karibu na ngazi kukasikika majaribio ambayo siwezi kuyaeleza kwa maandishi.

Ninachotaka ukishike ni kwamba hapo hapakuwa na jambo la kuonea haya. Kimya kile ni desturi iliyojengeka polepole katika karne ya 19, baada ya watunzi wengi tunaowaheshimu kuwa wamekwisha kufariki. Simfoni hiyo hiyo ya 7 ilipopigwa kwa mara ya kwanza, Vienna, tarehe 8 Desemba 1813, Beethoven mwenyewe akiongoza, wasikilizaji waliipenda sehemu ya pili hata ikabidi irudiwe. Mozart naye alimwandikia baba yake kutoka Paris mwaka 1778, akiwa na furaha tele, kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfoni yake mpya, mahali ambapo alijua watapapenda, ndiyo maana akakirudisha kipande hicho karibu na mwisho. Dada yetu alimsikiliza Beethoven kama walivyomsikiliza watu wa zama zake, na mimi hujivunia kwamba nilikuwa nimeketi naye safu moja.

Kipo pia kisa cha Haydn. Katika Simfoni yake ya 45, ya mwaka 1772, mwishoni wapigaji huondoka mmoja mmoja, na usiku ule kila aliyeondoka alizima taa yake ya kusomea nota, hadi wakabaki wapiga violini wawili. Sisi hatukuwa na habari. Mwenzangu aliyekuwa kulia kwangu aliwatazama wanavyotoka, akaninong'oneza kwa huruma ya kweli: "Hawa hawajalipwa." Baadaye tukaelezwa kwamba Haydn aliitunga ili kumkumbusha bwana wake, Mwanamfalme Nikolaus Esterházy, kwamba wanamuziki wamekaa mno katika kasri lake mbali na familia zao na wanataka kurudi nyumbani. Mwenzetu alikuwa amekaribia kabisa ukweli, na tangu usiku ule tukamwita Katibu wa Chama cha Wafanyakazi.

MwalimuWaNota (Kasulu)

Ndugu Besi amesema vyema. Mimi hufundisha kwaya, na niliwahi kusoma muziki Ujerumani, kwa hiyo nitaongeza machache.

Mwanangu, chukueni karatasi zenu za sol-fa bila wasiwasi wowote. Tulipofanya mazoezi ya Haleluya ya Händel na wanafunzi wenzetu wa Leipzig, wao walishika vitabu vya mistari mitano na sisi tulishika karatasi zilizojaa d, r, m, nukta na vistari. Mmoja wao aliuliza kwa heshima kama tuna mtihani wa kemia. Alipowasikia watu wa sauti ya tatu wakisoma ukurasa mzima bila kinanda, aliomba nakala. Tulimweleza kwamba mfumo huo ulianzishwa na mwanamke Mwingereza, Sarah Glover wa Norwich, na John Curwen ndiye aliyeueneza, hata ukatufikia sisi kupitia misheni.

Kicheko chenyewe kilikuja siku tulipoungana na wapigaji wa ala za kale. Okestra za leo kwa kawaida huweka sauti ya la kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, lakini hawa wa muziki wa zama za Bach wengi hutumia 415, yaani karibu nusu sauti chini. Mwanafunzi mmoja Mjerumani, aliyejaliwa sikio linalotambua kila sauti kwa jina lake, aliteseka sana, kwa sababu macho yake yalisoma nota moja na masikio yakasikia nyingine. Aliimba akiwa ameziba sikio kwa kidole. Sisi tulipewa do, tukaimba, kwani do ya sol-fa huhama na wenyewe huhama nayo. Jioni alikuja kwenye chumba chetu na daftari, akaomba aanzishwe do-re-mi.

Mkifika Thomaskirche, kanisa ambalo Bach alilitumikia kuanzia mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, mjue kwamba kwaya ya wavulana, iliyoanzishwa mwaka 1212, huimba kutoka roshani ya nyuma. Wenyeji hukaa wakitazama mbele. Sisi tulisikia kwaya tusiione, tukageuka safu nzima tukawatazama waimbaji kama tulivyozoea kwetu, na baada ya muda wenyeji nao wakaanza kugeuka kuangalia tunaona nini.

Khanga_za_Nzega (Tabora)

Dada, beba khanga. Katika Staatsoper ya Vienna, jumba la opera lililofunguliwa mwaka 1869, kuna tiketi za kusimama zinazouzwa kwa bei nafuu sana, na desturi ni kufunga skafu kwenye bomba la kuegemea ili kuonyesha kwamba nafasi ina mtu, kisha unaweza kutoka kunyoosha miguu. Sisi tulifunga khanga, mstari mzima. Tuliporudi tulimkuta mzee mmoja nadhifu, mwenye miwani puani, akisoma silabi kwa silabi: "Mge-ni njo-o mwe-nye-ji a-po-ne." Tulipomweleza maana yake alicheka hadi akashika bomba, akasema amesimama pale tangu ujana wake na hilo bomba halijawahi kumkaribisha mtu.

SautiYaPili_Isevya (Tabora)

Asanteni sana wakubwa zangu. Nimemsomea mama yote haya kwa sauti na jirani akaja kuuliza kuna nini. Khanga nimekwisha kuzitenga. Bado swali moja: nitajuaje kwamba muziki umekwisha kweli na si mapumziko ya kati?

Besi_wa_Ujiji (Kigoma)

Tazama mikono ya mwongozaji. Ikiwa bado iko juu, muziki haujaisha hata kama hausikii kitu; akiishusha na kuwageukia wasikilizaji, hapo piga makofi uwezavyo. Karatasi ya ratiba mtakayopewa mlangoni kwa kawaida huorodhesha sehemu za kila simfoni, kwa hiyo unaweza kuzihesabu kadiri zinavyopita. Mkibahatika kupigiwa Radetzky-Marsch ya Johann Strauss baba, ya mwaka 1848, desturi ni wasikilizaji kupiga makofi wakati muziki unaendelea, na mara nyingi mwongozaji huwageukia yeye mwenyewe na kuwaonyesha wapige kwa nguvu wapi na taratibu wapi. Wimbo huo dada yetu wa kigelegele aliusikia usiku wetu wa mwisho, na safari hiyo alishangiliwa.