MJADALA: Je, ubongo unazihitaji hisi za misuli ya macho ili kujua kitu kilipo?

Wapo wanaoshikilia kwamba misuli ya macho haina la kuuambia ubongo. Ubongo ukiyaamuru macho yageuke, wanasema, hubaki na nakala ya amri hiyo, na nakala yatosha kujua kitu kiko upande gani. Sikubaliani nao.

Silaha yao kuu ni jaribio alilolitumia Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, katika karne ya 19. Fumba jicho moja, kisha lisukume jingine taratibu kwa ncha ya kidole kwenye pembe ya nje, juu ya kope. Chumba kizima kitaonekana kusogea. Ukiligeuza jicho mwenyewe, chumba kinatulia. Basi, wanasema, misuli imevutwa na ubongo haukupata habari.

Lakini vipimo vya baadaye vilionyesha jambo jingine kabisa. Jicho linaloendelea kutazama kitu huku likisukumwa husogea kidogo mno, maana misuli yake hukaza kukipinga kidole. Linalogeuka ni lile lililofumbwa, kwa kuwa macho yote mawili hutii amri moja. Amri ndiyo iliyobadilika! Jaribio hilo halithibitishi kabisa kwamba misuli ni bubu.

Charles Sherrington, mwanasayansi Mwingereza wa mishipa ya fahamu, alizitetea hisi hizi tangu 1918. Kwangu mimi, ushahidi mzito ulikuja 1981, kwa watu waliopasuliwa kurekebisha makengeza. Waliambiwa waelekeze kidole kwenye kitu bila kuuona mkono wao, wakitumia jicho lililopasuliwa. Waliopasuliwa mara ya kwanza walilenga vizuri, ingawa jicho limehamishwa. Waliokwisha kupasuliwa mara kadhaa ndio waliokosea, pengine kwa sababu vipokezi vya kwenye misuli, yaani sehemu zake zinazohisi mvuto, vilikwisha kuumia.

Nakubali kwamba nyani waliokatwa mishipa ya fahamu inayopeleka hisi hizo, katika utafiti wa 1983, bado waliyarusha macho yao hadi kwenye shabaha bila kukosea. Kwa kazi ya papo hapo, amri inatosha. Ila misuli huchoka, huumia, hupasuliwa, na nakala ya amri haina njia ya kujua hayo.

Kwa hiyo wanaoziita hisi hizi ziada watueleze: wale waliopasuliwa mara ya kwanza walijuaje jicho limehamia wapi?