Spika za babu: gumzo la kikundi cha familia

*Idi:* Shikamooni wakubwa. Zile spika mbili za redio ya babu nimezitoa stoo, nataka zilie kwenye kompyuta ya hapa nyumbani. Nyuma zina waya mbili mbili tu, hazina pini. Nikiunga pini ya earphone inatosha?

*Idi:* [Picha]

*Shangazi Zuhura:* Marahaba. Panya umewatoa humo kwanza?

*Mjomba Salum:* Marahaba mjomba. Haitoshi. Tundu la kijani la kompyuta ni la earphone au spika zenye umeme wake. Hizo ni spika tupu, ndani hamna mashine. Ukiziunga moja kwa moja utasikia mlio wa mbu. Katikati lazima ikae amplifaya, mashine ya kukuza sauti.

*Idi:* Sabufa ya sebuleni si ina amplifaya ndani?

*Mama Idi:* Sabufa yangu isiguswe. Na hiyo bisibisi nimeiona.

*Mjomba Salum:* 😂😂 Dada kashasema. Redio yenyewe ya babu iko wapi? Ile ina AUX kwa nyuma, matundu ya kuingizia sauti ya nje.

*Idi:* Ipo. Kanda haizunguki, CD haisomi, ila taa inawaka.

*Mjomba Salum:* Achana na kanda. Amplifaya yake huenda ni nzima. Tafuta waya wenye pini ya milimita 3.5, kama ya earphone, upande mmoja, na pini mbili za RCA, nyekundu na nyeupe, upande wa pili. Pini kwenye tundu la kijani, RCA kwenye AUX. Spika zirudi kwenye redio kama zamani.

*Rehema Mwanza:* Redio ikigoma nunua kibodi cha amplifaya (bodi ndogo ya saketi, si ya kuchapia), mimi ninacho. Changu kinakubali volti 12 mpaka 24, nakiendesha kwa chaja ya laptop iliyokufa, volti 19. Spika zimeandikwa ohm ngapi, yaani ukinzani wake?

*Idi:* 6

*Mjomba Salum:* Zinafaa. Ila kila spika kwenye matundu yake, kulia na kushoto. Ukizibana zote mbili sehemu moja zinakuwa ohm 3, amplifaya inachemka.

*Idi:* Waya za spika moja zililiwa na panya, nimeweka nyeupe zote mbili. Chanya nitaijuaje?

*Shangazi Zuhura:* Si nilisema panya 🙄

*Mjomba Salum:* Chukua betri ya rimoti, ya volti 1.5. Gusisha waya za spika kwenye betri mara moja tu uachie, huku unaangalia ile karatasi ya mbele. Ikiruka kuja kwako, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikiingia ndani, ni kinyume.

*Rehema Mwanza:* Ukigeuza waya za spika moja haziungui, ila besi inapotea, unabaki unalaumu spika bure.

*Mjomba Salum:* Zima redio kabla ya kuunga. Menya waya kama sentimita 1, usokote vizuri. Unyuzi mmoja tu ukigusa wa jirani, amplifaya inaweza kufa.

*Idi:* Sawa mjomba, naenda dukani.

*Idi:* Nimeunga. Taa inawaka, kimya 😩

*Rehema Mwanza:* Skrini umeiunga kwa HDMI, ule waya unaopitisha picha na sauti? Basi kompyuta inapeleka sauti huko. Bonyeza alama ya spika chini kulia, chagua sehemu ya kutokea sauti.

*Idi:* ZIMELIAAA 🔥🔥 Jamani besi!

*Mama Idi:* Punguza. Nyumba ya pili kuna mtoto mchanga.

*Idi:* Samahani mama. Mjomba, nikisimamisha muziki kuna mvumo, mmmmm.

*Mjomba Salum:* Redio na kompyuta zichomeke kwenye ekstensheni moja. Waya wa RCA usilale pamoja na wa umeme. Halafu volumu ya kompyuta iache kwenye 80 hivi, kupandisha na kushusha tumia redio.

*Idi:* Umepungua, haujaisha.

*Mjomba Salum:* Jumapili nitapita niuangalie.

*Shangazi Zuhura:* Jumapili Mama Idi anapika pilau. Mvumo gani unaoufuata wewe?

*Mjomba Salum:* Yote mawili dada 😂