Yule bwana amemwita John Paciorek "kibarua" mbele ya watu

Wakuu, naandika uzi huu mikono ikinitetemeka, na mhusika simtaji kwa kuwa nyote mnamfahamu: ni yule bwana ambaye huwa na neno la mwisho la kila mjadala wa besiboli kabla hajasikia la kwanza. Jana, nikiwa katikati ya kuwasimulia wenzangu habari za Paciorek, yule mchezaji wa besiboli aliyecheza mechi moja tu katika ligi kuu ya Marekani, alichota karanga katika sahani yangu, akazitafuna taratibu kama ng'ombe aliyestaafu, kisha akatamka: "Mechi moja? Hiyo si kazi ya mpira, hicho ni kibarua."

Kibarua! Kijana wa miaka 18 anapangwa uwanja wa nje upande wa kulia, Septemba 29, 1963, siku ya mwisho ya msimu, akiichezea Houston Colt .45s dhidi ya New York Mets. Anashika gongo mara 5, anapiga mapigo safi 3, mara 2 anapewa kituo cha kwanza bure kwa sababu warushaji wameshindwa kulenga, anafunga pointi 4 kwa miguu yake mwenyewe na kuwaingiza wenzake mara 3, na Houston inashinda 13 kwa 4. Wastani wake wa kupiga katika ligi kuu ni 1.000 hadi leo, yaani mapigo 3 kwa majaribio 3, maana zile mara 2 za bure hazihesabiwi. Mgongo ndio uliomwangusha, akapasuliwa mwaka 1964, na ligi kuu hakuiona tena. Mtu huyo ndiye anayeitwa kibarua, tena kwa kinywa kilichojaa karanga zangu!

Mchangiaji wa kwanza: Mleta uzi, pole, lakini kwa maelezo yako mwenyewe mtu alifanya kazi siku moja, akaifanya vizuri, akaumia mgongo na hakuitwa tena. Sijawahi kuona kibarua aliyekamilika kuliko huyo.

Mleta uzi: Mkuu, nawe ulikuwepo pale? Ulikula karanga?

Mchangiaji wa pili: Wa kwenu alishika gongo mara 5 na bado mnalia. Moonlight Graham aliingizwa uwanja wa nje na New York Giants Juni 29, 1905, mechi ikaisha kabla zamu yake ya kupiga haijafika, na ligi kuu ikaishia hapo. Alikwenda zake Chisholm, Minnesota, akawa daktari kwa miongo kadhaa, wala hakumfungulia mtu uzi.

Mchangiaji wa tatu: Graham alirudi nyumbani na kichwa kizima. Adam Greenberg wa Chicago Cubs aliingia kupiga Julai 9, 2005, na mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa katika ligi kuu ukampiga kichwani. Alisubiri miaka 7, na waliomrudisha kwa siku moja, Oktoba 2, 2012, ni Marlins, timu ileile ambayo mrushaji wake ndiye aliyempiga. Akarushiwa mipira 3, akatoka. Hapo ndipo pa kulalamikia.

Mleta uzi: Wakuu, tulikuwa tunazungumzia neno kibarua.

Mchangiaji wa pili: Greenberg alirushiwa mipira 4 jumla. Graham angetoa shahada yake ya udaktari apate mmoja tu.

Mchangiaji wa tatu: Hata ule wa kichwani?

Mchangiaji wa pili: Hasa ule, maana angejitibu mwenyewe.